USIACHE MBACHAO: KOMPYUTA KUUKUU NA INTANETI YA SIMU

Wahenga walisema: usiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii twaijua sote, lakini ni wachache wanaoikumbuka pindi chombo kipya kinapoingia sokoni. Katika makala hii tumekusudia kuitazama kwa jicho la fundi. Tunarudi nyuma hadi miaka ya 1990, wakati ambapo mkazi wa Bukoto aliyetaka kuingia katika intaneti alihitaji vitu vitatu: kompyuta, modemu na waya wa simu. Zama hizo zimepita, lakini mafunzo yake yanamhusu kila askari na kila polisi ambaye leo ameketi mbele ya kompyuta iliyozeeka.

HALI ILIVYOKUWA

Bukoto ni mtaa ulio kaskazini-mashariki mwa jiji la Kampala, jirani na Kamwokya, Ntinda, Kisaasi na kilima cha Naguru, ambako ndugu zetu wa polisi wana makao yao makuu. Sensa ya mwaka 1991 ilihesabu watu zaidi ya milioni 16 nchini Uganda, ilhali simu za waya hazikufika laki moja katika nchi nzima. Simu hizo zilikuwa chini ya Shirika la Posta na Simu la Uganda, lililoshika kazi zilizoachwa na shirika la Jumuiya ya Afrika Mashariki baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977. Mtu aliyekuwa na simu nyumbani alihesabiwa kuwa mwenye bahati.

Barua za kompyuta zilianzia Chuo Kikuu cha Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kituo kilichoitwa MUKLA. Kituo hicho kilitumia mtandao wa Fidonet. Ujumbe uliandikwa, ukahifadhiwa, ukangoja saa ya kupiga simu, kisha ukatumwa kwa mkupuo mmoja hadi London, ambako uliingizwa katika intaneti. Ulikuwa utaratibu wa tarishi: hatoki mpaka mfuko ujae. Mnamo mwaka 1995 Uganda ikapewa herufi zake katika intaneti, yaani .ug. Kufikia mwaka 1997 kampuni kama Starcom na Swift Global zilikuwa zikiuza intaneti kamili mjini Kampala: mteja alipiga simu na kuunganishwa papo hapo.

Hapo ndipo tatizo lilipojitokeza. Kompyuta nyingi za wakati huo zilikuwa za prosesa ya 386 au 486, nazo ziliendeshwa na Windows 3.1, iliyotoka mwaka 1992. Programu hiyo haikuja na itifaki ya TCP/IP, ambayo ndiyo lugha ya intaneti. Alikuwa sawa na askari aliyekabidhiwa redio nzuri, lakini asiyefahamu lugha ya mawasiliano ya kikosi chake.

DAWA ILIKUWA PROGRAMU

Dawa ya kwanza ilitoka mbali, katika kisiwa cha Tasmania, Australia. Huko Peter Tattam aliandika programu iliyoitwa Trumpet Winsock, iliyoipa Windows 3.1 lugha hiyo iliyokosekana. Watu duniani kote wakaitumia. Matoleo yake ya kwanza yalifuata itifaki ya SLIP, na baadaye ikaongezwa itifaki ya PPP.

Yafaa ieleweke kwamba tofauti ya hizo mbili si ndogo. SLIP haikuwa na mlinzi langoni. Haikukagua kama ujumbe umeharibika njiani, wala haikuweza kumpa mteja anwani yake. Ilimbidi mwenyewe aiandike kwa mkono. PPP, iliyowekewa kanuni zake za kudumu mwaka 1994, ilimsimamisha anayeingia, ikamwuliza jina na neno la siri, ikampa anwani, na ikakagua kila furushi lililopita. Katika nyaya ambazo maji ya mvua huingia kwenye maungio na kuleta mikwaruzo, ukaguzi huo ulikuwa na thamani kubwa.

Dawa ya pili ilikuja tarehe 24 Agosti 1995, Windows 95 ilipotolewa ikiwa na programu yake yenyewe ya kupiga simu ya intaneti. Baadaye Microsoft ikatoa nyongeza za kuiboresha programu hiyo, mojawapo ikiwa toleo la 1.3, lililoweza hata kuziunganisha laini mbili za simu zifanye kazi kama moja. Basi mwenye kompyuta kuukuu pale Bukoto alikuwa na hiari mbili: kununua mashine mpya kwa fedha nyingi, au kuipandisha cheo ile aliyo nayo.

KAZI ILIVYOFANYWA

Kupandisha cheo hakukuwa kazi ya papara. Kulikuwa na utaratibu, na aliyeufuata alifaulu.

Kwanza, ilimpasa mtu kukagua zana zake. Windows 95 ilidai kumbukumbu ya megabaiti 4 kwa uchache, na ilihitaji 8 ili ifanye kazi bila kusuasua. Aidha, palikuwa na chipu inayopokea herufi kutoka kwenye modemu. Chipu ya zamani, 8250, ilishika herufi moja tu kwa wakati mmoja; 16550A ilishika herufi 16. Modemu ya kasi ya biti 28,800 kwa sekunde ilipoleta herufi mfululizo, huku prosesa ikishughulika na diski, chipu ya zamani ilifunikwa na herufi mpya kabla ile ya kwanza haijachukuliwa. Wengi walilaumu waya wa simu, kumbe kosa limo ndani ya sanduku. Kwa ugonjwa huo programu mpya haikufaa kitu. Ilihitajika kadi mpya, au modemu ya ndani yenye chipu yake.

Pili, kuweka akiba. Mafaili ya zamani yalinakiliwa katika disketi, na mipangilio yote, yaani namba ya simu, jina, anwani na kasi, ikaandikwa kwenye karatasi. Asiye na njia ya kurudi nyuma hafai kusonga mbele.

Tatu, kuondoa cha zamani kabla ya kuweka kipya. Hapa ndipo wengi walipojikwaa. Trumpet Winsock ilitumia faili liitwalo WINSOCK.DLL, na Windows 95 nayo ilikuwa na faili lake lenye jina hilo hilo. Yote mawili yakibaki ndani ya mashine, programu ya barua huenda ikaliita lisilofaa, na mawasiliano yakakwama bila sababu ya kuonekana. Askari hawana haja ya kuelezwa matokeo ya makamanda wawili katika kikosi kimoja.

Nne, kujaribu jambo moja kwa wakati mmoja. Je, modemu inaitika? Je, inapiga namba? Je, neno la siri linakubaliwa? Je, barua inakwenda? Aliyebadili mambo matano kwa mkupuo hakuweza kujua lipi limeharibu.

Tano, kutazama mawingu. Kampala ni mji wa radi, na radi hupita katika waya wa simu kama inavyopita katika waya wa umeme. Mwenye hekima alichomoa zote mbili mvua ilipokaribia, na hakuanza kuweka programu mpya siku ambayo umeme ulitarajiwa kukatika.

FAIDA YAKE

Tufanye hesabu. Faili la megabaiti moja, kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, lilichukua kama dakika 18. Kwa biti 28,800 lilichukua kama dakika 6. Simu ilitozwa kwa muda, hivyo dakika 12 zilizookolewa zilikuwa fedha taslimu mfukoni. Kadhalika PPP iliweza kubana maelezo yanayotangulia kila furushi kutoka baiti 40 hadi baiti 3 tu, na mashine ile ile ikaonekana kuwa nyepesi zaidi.

MAFUNZO KWA LEO

Kebo za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 ziliufungua mlango mpana zaidi, na mlio wa modemu ukanyamaza. Lakini kompyuta kuukuu hazikwisha. Mnamo Mei 2017 kirusi kiitwacho WannaCry kilifunga mafaili katika kompyuta za nchi nyingi, zikiwamo za hospitali za Uingereza. Rekebisho la kuuziba ufa kilimopenya lilikuwa limetolewa mwezi Machi mwaka huo huo. Waliopatikana hawakupatikana kwa uzee wa mashine peke yake. Wengi walikuwa na programu ambazo hazikurekebishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hata hivyo methali ya mbacha ina mpaka wake. Chombo hufika mahali ambapo mtengenezaji hakiletei tena marekebisho ya kawaida. Windows 10 ilifika hapo tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyopata tena marekebisho haina budi kuwekewa programu nyingine inayotunzwa, au kuondolewa katika mtandao na kupewa kazi nyingine, kama kuandika na kuchapa. Kuiacha imeunganishwa huku ina majalada ya kesi au orodha za askari ni kuliacha ghala la silaha bila kufuli.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalaumu umri wa kompyuta ya ofisi yako, uliza mambo manne: ina programu gani, ilirekebishwa lini, nakala za kazi ziko wapi, na nani amepewa jukumu la kuitunza. Swali lisilo na jibu ndilo la kushughulikiwa kwanza, leo hii, kabla fedha haijaombwa kwa mashine mpya.