Kompyuta ya Zamani Imegoma? Angalia Tarehe Kwanza

Mwezi uliopita shangazi yangu wa Machakos alinipigia saa tatu usiku. Ana duka la vifaa vya ujenzi, wateja wake wengi hulipa kwa till, na kesho yake ilikuwa tarehe 20, siku ya mwisho ya kuwasilisha VAT. Alihitaji taarifa ya miamala kutoka kwenye tovuti, lakini laptopu yake ya Windows 7 ilikuwa imekataa kabisa. Fundi wa mtaani alishamwambia anunue nyingine.

"Shangazi, hapo chini kulia pameandikwa tarehe gani?"

"Januari moja, 2009."

Shida ndio hiyo. Kila tovuti salama ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta hukikagua kwa kutumia saa yake yenyewe. Ikiamini ni 2009, itaona cheti hakijaanza kazi na kukwambia tovuti si salama. Tulirekebisha tarehe na mwaka, tukafunga kivinjari, tukafungua tena. Ikaingia.

Tarehe ikirudi nyuma kila unapozima mashine, kabetri kadogo ka duara ndani kamekufa. Mara nyingi ni aina ya CR2032, si bei ghali. Kwa laptopu huwa kameunganishwa na waya, kwa hivyo hapo mwachie fundi.

Halafu programu ya kufungua taarifa nayo ikagoma. Shangazi alikuwa amebonyeza mara kama kumi (sote tumewahi!), na zote kumi zilikuwa zimejificha nyuma zikimaliza memori. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, zifunge zote, kisha fungua moja tu na usubiri.

Kama programu mpya haikubali hata kuingia, hiyo ni hadithi nyingine. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Chrome ya mwisho kukubali humo ni toleo la 109. Programu nyingine zinataka mashine ya biti 64 na yako ni ya 32. Hapo hujakosea popote, ila kwa mambo ya pesa mimi ningetumia simu.

Kilichonitisha kilikuja mwisho. Kabla ya kunipigia, shangazi alikuwa ametafuta msaada mtandaoni akapata namba ya mtu aliyejiita "customer care". Jamaa akamwambia aweke programu ya kumwezesha kuona skrini yake, kisha amtajie PIN "ya kuthibitisha". Programu haikufunguka. Laptopu ilikuwa nzee mno.

Sisi hatukuulizi PIN, kwa simu wala kwa kompyuta. Mtu akikuuliza, kata simu, halafu upige namba iliyo kwenye app yetu.

VAT iliingia saa tano na nusu usiku. Betri bado hajanunua.