Mwezi wa Pasaka na Maji ya Bahari

Sisi wa Matombo ni watu wa milimani, lakini maji yetu huishia baharini. Vijito vinavyoteremka Uluguru huingia Mto Ruvu, nao Ruvu humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Bagamoyo. Vijana wetu nao hushuka pwani wakati wa Pasaka, na wengi hukimbilia ufukweni. Ni vema basi tuelewe jinsi bahari inavyojaa na kupwa, hasa kwa kuwa tarehe ya Pasaka hufuata mwezi, na mwezi ndio unaoivuta bahari.

Chanzo ni nguvu ya uvutano, ambayo hupungua kadiri umbali unavyoongezeka. Upande wa dunia ulioelekea mwezi huvutwa zaidi, kitovu cha dunia huvutwa kwa kiasi, na upande wa pili huvutwa kidogo kuliko vyote. Tuwafikirie watu watatu wanaofuatana njiani: wa mbele ana haraka, wa kati anakwenda kawaida, wa nyuma anajikokota. Yule wa kati ataona nafasi ikiongezeka mbele yake na nyuma yake pia. Ndivyo maji yanavyotuna pande zote mbili za dunia. Kwa kuwa dunia hujizungusha, pwani yetu huona maji kujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku.

Saa hazibaki zilezile. Mwezi huchelewa kuchomoza kwa wastani wa dakika 50 kila siku, jambo ambalo hata hapa Matombo tunaweza kulihakiki. Maji nayo huchelewa hivyohivyo: yakijaa leo saa 10 jioni, kesho yatajaa karibu saa 10 na dakika 50.

Kiasi cha maji nacho hubadilika. Jua pia huivuta bahari, ingawa kwa kuwa liko mbali, nguvu yake ya kuinua maji haifikii nusu ya ile ya mwezi. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, jua, dunia na mwezi hukaa karibu katika mstari mmoja na nguvu hizo hujumlishwa. Hiyo ni bamvua: Dar es Salaam maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Mwezi ukiwa nusu, nguvu hizo hupingana. Ndiyo maji mafu, yenye tofauti ya takriban mita 1. Bamvua huzidi mwezi unapoikaribia dunia, na pia Machi na Septemba, jua linapokuwa juu ya ikweta.

Sasa turudi kwenye Pasaka. Kanisa huiadhimisha Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa tarehe 21 Machi au baada yake. Kwa hiyo huangukia ndani ya juma moja baada ya mwezi mpevu, karibu na majira ya bamvua kubwa. Mwaka 2023 mwezi ulipevuka tarehe 6 Aprili na Pasaka ilikuwa tarehe 9, bamvua ikiendelea. Mwaka 2025 ulipevuka tarehe 13 Aprili na Pasaka ilikuwa tarehe 20, wakati wa maji mafu. Sikukuu ni ileile, bahari si ileile.

Hapo ndipo penye hatari kwa mgeni. Siku za bamvua, maji ya Dar es Salaam na Bagamoyo hupwa kabisa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, na mchanga huonekana mbali sana. Kisha hurudi kwa muda wa saa 6 hivi: polepole mwanzoni, kwa kasi zaidi katika saa ya tatu na ya nne. Mara nyingi hujaza kwanza mifereji iliyo kati ya mtu na ufukwe, naye akigeuka hukuta njia imekatika.

Kabla ya safari, tuutazame mwezi. Tukifika pwani, tuwaulize wavuvi saa ya maji kujaa, na tuanze kurudi ufukweni mara maji yanapogeuka.