Mashairi ya uwanjani: kutoka Louisville hadi Lackawanna

Timu ikishinda, kila shabiki huwa malenga. Tungo za namna hiyo tumezizoea nyumbani: Simba ilipoichapa Yanga 5-0 mwezi Mei mwaka 2012, na Yanga ilipojibu 5-1 mwezi Novemba mwaka 2023, watani wa jadi hawakuishiwa vina. Safari hii tunawapeleka wasomaji wetu Marekani, kwenye miji ambako ushairi wa michezo umejaribiwa pia siku ya kushindwa.

Tuanzie Louisville, Kentucky, alikozaliwa Muhammad Ali tarehe 17 Januari 1942, wakati huo akiitwa Cassius Clay. Wengi wanamkumbuka kwa ngumi zake, lakini sisi watu wa Kiswahili tungeweza kumweka pia kwenye ukoo wa majigambo. Kabla ya pambano alikuwa akitunga beti fupi na kutaja raundi ambayo mpinzani angeanguka. Novemba mwaka 1962 alimtabiria mkongwe Archie Moore raundi ya nne. Kwa Kiingereza jina la Moore na namba nne zina kina kimoja, kwa hiyo huenda ni kina kilichochagua raundi. Moore akaanguka raundi hiyo hiyo. Juni mwaka 1963, mjini London, Henry Cooper alitabiriwa raundi ya tano na ikawa ya tano, ingawa Ali mwenyewe alikuwa ameangushwa chini katika raundi ya nne.

Kati ya mapambano hayo mawili kuna moja lisilosimuliwa sana. Machi mwaka 1963 Ali alikwenda kughani mashairi yake katika mkahawa mmoja wa New York, kisha akapanda ulingoni Madison Square Garden kupambana na Doug Jones. Alisema raundi ya nne. Pambano likaenda raundi zote 10, akapewa ushindi wa pointi, na watazamaji wakamzomea. Ukitaja namba, watu wanahesabu. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyewachokoza maadui wa mji wake kwa mashairi mwanzoni mwa karne ya 19, asingehitaji kuelezwa jambo hilo.

Alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, mjini Kinshasa, watunzi walikuwa watazamaji wenyewe. "Ali, boma ye!" waliimba kwa Kilingala, yaani "Ali, muue!" Maneno matatu tu. George Foreman alikuwa amefika Zaire na mbwa wake wa Kijerumani, na wenyeji wengi walipomwona walikumbuka mbwa wa polisi wa Kibelgiji. Katika raundi ya nane Foreman akalala chini. Leo hii Louisville ina wakimbizi wengi kutoka Kongo, na Kiswahili kinasikika katika shule za mji aliozaliwa Ali. Msafara wa mazishi yake ulipopita mjini humo tarehe 10 Juni 2016, watu waliojipanga kando ya barabara waliimba jina lake tu.

Columbus, Ohio, tunapita haraka. Ni mji wenye Wasomali wengi, watu ambao kwao ushairi ni mali ya kila mtu. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa klabu ya soka ya Columbus Crew ingeweza kuhamishiwa Austin, Texas. Mashabiki walikataa kwa nyimbo na mabango, timu ikapata wenye mali wapya na kubaki, kisha ikatwaa ubingwa mwaka 2020 na tena mwaka 2023.

Lackawanna ndiko moyo wetu ulikobaki. Ni mji mdogo uliopakana na Buffalo, jimbo la New York, uliojengwa kuzunguka kiwanda cha chuma cha Bethlehem Steel, ambacho enzi zake kiliajiri watu zaidi ya 20,000. Wayemeni walifuata kazi huko na wakabaki. Mwaka 1983 sehemu kubwa ya kiwanda ikafungwa. Ajira zilikwenda, timu ya Buffalo Bills ikabaki.

Tarehe 27 Januari 1991 Bills ilicheza fainali ya kandanda ya Kimarekani, Super Bowl, dhidi ya New York Giants. Sekunde chache kabla ya mwisho ilikuwa nyuma 20-19. Mpira ukawekwa kwa Scott Norwood, mpigaji wa mikwaju ya timu, umbali wa yadi 47. Alipiga, mpira ukapita kulia kwa goli.

Kwetu tunajua mchezaji wa namna hiyo hutungiwa nini. Siku ya pili yake maelfu kwa maelfu walijaa Niagara Square, katikati ya Buffalo, kuipokea timu iliyoshindwa, wakaanza kuimba kwa pamoja kwamba wanamtaka Scott. Kwa Kiingereza nayo ni maneno matatu tu, kama yale ya Kinshasa. Norwood alikuwa amesimama nyuma ya wenzake. Wakaimba mpaka akasogea mbele kwenye kipaza sauti, akazungumza nao huku machozi yakimlenga.

Bills ilirudi fainali mwaka 1992, 1993 na 1994, ikashindwa zote.