Chagua Bandari Kabla ya Merikebu

Mume na mke watakao kuizunguka Bahari ya Karibi kwa merikebu, na nia yao ikawa ni kupumzika wala si kusherehekea, aghalabu huanza shauri lao mahali palipopaswa kuwa mwisho. Hufunua vitabu vya matangazo, wakatazama picha za vyumba vyenye roshani, za mabwawa ya kuogea na za meza zilizosheheni vyakula, kisha wakaulizana ni merikebu ipi iliyo nzuri kupita nyingine. Na wakiisha kulipa nauli ndipo wakumbukapo kuuliza itatia nanga wapi. Mimi ambaye kazi yangu ni kuwapangia watu safari za bahari naona kwamba utaratibu huo umepinduka. Bandari ndiyo istahiliyo kuchaguliwa kwanza, kwa sababu kina chake na upana wake huamua ni chombo cha ukubwa gani kiwezacho kuingia, ukubwa wa chombo huamua ni watu wangapi watakaochukuliwa, na wingi wa watu, kuliko jambo jingine lolote, ndio uzaao ghasia.

Merikebu iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza kuchukua abiria kutoka Miami mwezi wa Januari 2024, ina sitaha 20, na ikijaa kabisa hubeba abiria wapatao 7,600, mbali na mabaharia na watumishi wapatao 2,350. Chombo cha namna hiyo, ambacho huzama majini kiasi cha mita 9, hakina budi kwenda penye gati refu na maji makuu: Cozumel katika Mexico, Charlotte Amalie katika kisiwa cha Saint Thomas, Philipsburg katika Sint Maarten, Nassau katika Bahamas, au katika kisiwa ambacho kampuni yenyewe imekitengeneza kwa ajili ya wageni wake. Na kwa kuwa bandari hizo zimejengwa ili zipokee vyombo vikubwa, hazipokei kimoja, bali vitatu, vinne, na siku nyingine zaidi ya hivyo. Philipsburg ni mji uliokalia ukanda mwembamba wa mchanga baina ya ghuba na ziwa la chumvi, wenye njia kuu chache tu, na asubuhi moja waweza kushukiwa na watu elfu kumi na ushei, wote wakitafuta kivuli, taksi na kinywaji baridi kwa wakati mmoja. Sisemi kwamba watu hao hawafurahi. Wengi hufurahi sana, na watoto wao huzidi kuwashinda kwa furaha. Nasema tu kwamba mke na mume waliokimbia makelele ya mjini hawakuvuka bahari ili wakapange foleni.

Sasa na tutazame bandari za aina ya pili, ambazo hazina gati la kuegesha jitu la chuma. Bequia, kimojawapo cha visiwa vya Saint Vincent na Grenadines, kina eneo la kilomita 18 za mraba tu. Ghuba yake ya Admiralty imefunguka upande wa magharibi, na humo hulala majahazi na mashua za matanga kutoka pande nyingi za dunia. Wenyeji wake ni mafundi wa kuunda vyombo kwa mikono, na ni miongoni mwa watu wachache duniani waliobaki na idhini ya Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ya kuwinda idadi ndogo ya wanyama hao kwa desturi ya mababu zao. Kusini yake kiko Mayreau, kisiwa cha watu mia chache, na karibu na hapo viko visiwa vidogo vitano visivyokaliwa na mtu viitwavyo Tobago Cays, vilivyozungukwa na miamba ya matumbawe, ambako kasa hula majani ya baharini mbele ya macho ya waogeleaji. Huko abiria hushushwa kwa mashua ndogo, kumi na watano au ishirini kwa safari moja. Merikebu ya watu elfu tano ingeweza kutia nanga mbali kidogo, lakini kuwavusha watu wake wote kwa mashua kungekula mchana kutwa, na kwa sababu hiyo haiji. Upande wa kaskazini kuna Terre-de-Haut katika visiwa vya Saintes vilivyo chini ya Guadeloupe, kuna Charlestown katika Nevis, na kuna Jost Van Dyke katika Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Ratiba ya merikebu ikitaja matatu au manne ya majina haya, huna haja ya kuuliza mengi juu ya bendi itakayopiga muziki usiku.

Hata hivyo jina la bandari halitoshi peke yake, kwa maana vyombo vya wastani navyo hupita huko, na Bequia yenye merikebu mbili si Bequia yenye moja. Mamlaka nyingi za bandari hutangaza miezi mingi kabla ratiba ya vyombo vitakavyowasili, siku kwa siku, na mtu aweza kuisoma kabla hajatoa hata senti. Ni kazi ya nusu saa, na sijui kwa nini watu waionee uvivu ilhali hutumia siku nzima wakilinganisha rangi za mapazia ya vyumba.

Baada ya bandari, upepo. Mtu wa mwambao wetu amezoea pepo zigeukazo: kaskazi ikimaliza zamu yake, kusi hushika, na bahari hubadilika pamoja nazo. Karibi haina mgeuko huo. Upepo wake hutoka mashariki, ukielemea kaskazini, karibu mwaka mzima, na kwa hiyo kila kisiwa kina upande wa joshi, unaopigwa na mawimbi yaliyosafiri kutoka Afrika bila kizuizi, na upande wa demani uliokingwa na milima, ambako maji hutulia kiasi cha mtu kusoma kitabu juu ya sitaha bila kushika ukurasa. Merikebu nyingi hutia nanga upande huu wa pili. Taabu iko katika milango ya bahari iliyo baina ya kisiwa na kisiwa, kwa kuwa hapo kinga hukatika ghafula, na chombo, hususan kidogo, huenda mrama kwa saa mbili tatu mpaka kifike nyuma ya kisiwa kinachofuata. Mwezi wa Desemba na wa Januari upepo huzidi nguvu, na wasemao Kiingereza katika visiwa hivyo wameuita upepo wa Krismasi. Mwenye kushikwa na kigegezi kwa urahisi na angoje Machi au Aprili, wala asijitie ushujaa.

Majira ya tufani huhesabiwa tangu Juni 1 hata Novemba 30, na kilele chake ni katikati ya Agosti hata mapema Oktoba. Wako wasafiri wanaoamini kwamba Juni na Julai ni salama kwa vile kilele hakijafika, na bei za wakati huo huwavuta. Lakini Julai 1, 2024 tufani iliyoitwa Beryl ilikipiga kisiwa cha Carriacou ikiwa katika daraja la nne, ikaviharibu vibaya Union na Mayreau, yaani visiwa vya kundi lile lile ninalolisifu hapa. Aruba, Bonaire na Curaçao, vilivyo karibu na pwani ya Venezuela, hupitiwa na tufani kwa nadra sana kwa kuwa viko kusini ya njia yake ya kawaida, na Bonaire, ambayo bahari yake yote ya kando imehifadhiwa tangu 1979, yafaa sana kwa wapendao kuzamia. Lakini ni visiwa vikavu, vyenye upepo mkali na miti ya miiba. Atakaye mito na misitu minene hataviona huko, na afadhali aende Dominica.

Ndani ya musimu mwema pia kuna siku za kuepuka. Krismasi na mwaka mpya, katikati ya Februari, na majuma ya Machi ambayo wanafunzi wa vyuo vya Marekani hupewa likizo, ni nyakati za msongamano na za nauli kubwa. Majuma mawili ya kwanza ya Desemba, sehemu ya pili ya Januari, na mwisho wa Aprili hata Mei, ndizo nyakati ambazo mimi huwaelekeza watu watakao faragha. Kadhalika urefu wa safari ni dalili nzuri ya aina ya abiria: safari ya siku tatu au nne kutoka Florida hujaa watu walioamua kumaliza furaha ya mwaka katika mwisho wa juma mmoja, ilhali ya siku kumi au kumi na nne huchukua zaidi watu wazima waliostaafu kazi, ambao kufika saa nne za usiku wamekwisha lala.

Sasa merikebu zenyewe. Wako wapendao kupima nafasi kwa hesabu: huchukua tani za jumla za chombo, ambazo kwa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969 si kipimo cha uzito bali ni cha nafasi iliyofungwa ndani ya kuta zake, wakazigawanya kwa idadi ya abiria, na jibu likiwa kubwa husema chombo kina nafasi. Icon, ikiwa na abiria wawili katika kila chumba, hupata kiasi cha 44. Royal Clipper, merikebu ya milingoti mitano na matanga 42 iliyoanza safari mwaka 2000, ambayo huchukua abiria 227 tu, haifikii hata 20. Kwa hesabu hiyo Icon ingekuwa zawia na Royal Clipper ingekuwa soko, na kila aliyepanda zote mbili ajua kwamba mambo ni kinyume. Hesabu imehesabu maduka, kumbi za michezo na barabara za ndani, isihesabu hewa iliyo juu ya sitaha, ambako watu wa merikebu ya tanga hukaa mchana kutwa. Wala haikuhesabu kwamba tanga likishika upepo mtambo huzimwa.

Royal Clipper kwa desturi huanzia Bridgetown katika Barbados wakati wa baridi ya kaskazini. Wapo pia wapendao Sea Cloud, iliyoundwa Kiel mwaka 1931 kwa ajili ya tajiri mmoja wa Marekani na mkewe, na ambayo leo huchukua abiria 64; na SeaDream, merikebu mbili za mtambo, kila moja ikiwa na abiria 112 na watumishi wanaokaribia idadi hiyo. Ni vyombo vizuri, na ghali. Lakini sharti niseme jambo ambalo vitabu vya matangazo havilisemi: chombo kidogo kina utulivu, hakina siri. Abiria wakiwa sitini, siku ya pili wote wamekwisha jua jina lako, siku ya tatu wamejua kazi yako, na meza ya chakula cha jioni ni ya watu wanane. Mke na mume wapendao mazungumzo watafurahi. Lakini wale watakao kukaa wiki nzima bila kuulizwa habari za watoto wao watapata faragha zaidi katikati ya watu mia tisa wasiowajua. Kwa hao merikebu za Viking za baharini zafaa: abiria takriban 930, hapana nyumba ya kamari, na hapokewi aliye chini ya miaka 18. Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba kukosekana kwa watoto ni kimya. Virgin Voyages nao hukataa watoto, nao huchukua abiria zaidi ya 2,700 katika kila chombo, na usiku wao ni wa ngoma. Fauka ya hayo zipo kampuni kubwa zilizotenga sehemu ya merikebu kwa walipao zaidi, yenye bwawa lake na chumba chake cha kulia. Humo mna raha, lakini mlango wa kushukia bandarini ni ule ule wa wote.

Chumba nacho kichaguliwe kwa ramani ya sitaha. Katikati ya chombo na chini ndipo pasipotikisika sana; upande wa omo kuna minyororo ya nanga, ambayo hushuka alfajiri kwa kishindo kikubwa, na upande wa tezi kuna mtetemo wa rafadha. Kilicho juu na chini ya chumba chako na kiwe ni vyumba vingine, si jiko, wala ukumbi wa muziki, wala bwawa ambalo viti vyake huanza kuburutwa kabla ya jua kuchomoza. Vyumba viwili vyenye mlango baina yao hupitisha kila neno. Royal Clipper haina lifti, na mwenye magoti mabovu afikiri vyema.

Nauli hutangazwa kwa mtu mmoja kati ya wawili wanaoshiriki chumba. Juu yake huja kodi za bandari, bahashishi inayotozwa kwa siku, na vinywaji. Bima igharimie pia ndege ya kumhamisha mgonjwa, kwa sababu visiwa vidogo hivi havina hospitali kubwa. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anayeanzia Miami huhitaji viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, maana merikebu hutoka na kurudi. Anayeanzia Barbados huepuka sharti hilo, maadamu ndege yake haipiti Marekani, lakini aulize ubalozi wa kila nchi iliyo katika ratiba, akikumbuka kwamba Guadeloupe na Martinique ni sehemu ya Ufaransa ijapokuwa hazimo katika eneo la Schengen. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano kisisahauliwe nyumbani, kwani visiwa vingi hukidai kwa watokao nchi zenye maradhi hayo. Na wanaoanzia Barbados wafike Bridgetown siku moja au mbili kabla ya merikebu kung'oa nanga, kwa kuwa sanduku lililopotea London halitaweza kuifuata hadi Mayreau, kisiwa kisicho na kiwanja cha ndege.