Gata za Gusii: Mvua Kwanza, Urembo Baadaye

Kutoka Kisii hadi Keroka, kisha Nyamira na Kebirigo, majumba ya kifahari yanazidi kuchomoza kati ya migomba na majani chai. Wenyewe hugharimia vigae na madirisha mapana, lakini gata huja mwisho, pesa zikiwa zimeisha.

Mpangilio huo ni hatari. Nyanda hizi za juu za Gusii hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Kwa hivyo paa la mita 10 kwa 10, likinyeshewa milimita 50 alasiri moja, hushusha lita 5,000. Maji hayo yasipoelekezwa hufukua msingi, hulowesha kuta, kisha huporomoka na udongo hadi kwa jirani wa chini.

Msonge wa nyasi hauhitaji gata. Ukingo wa paa lake hupita ukuta, maji yakaanguka mbali. Anayejenga wa aina hiyo leo atandaze kokoto kwenye mtaro pale maji yanapodondokea.

Kwa nyumba ya mabati, gata ya nusu duara inatosha: haishiki taka sana, na fundi wa jua kali huikunja kwa bei nafuu. Ya plastiki haipati kutu, ila jua huidhoofisha na mvua ya mawe huweza kuipasua.

Jumba la vigae linapendeza na gata ya mraba ya alumini, iliyopakwa rangi ya ubao wa ukingoni. Kwa upana uleule, hubeba maji mengi kuliko ya nusu duara.

Mtindo wa kuficha paa nyuma ya ukuta ndio wa kuangaliwa zaidi. Majani ya mikaratusi yakiziba mfereji uliofichwa, maji hurudi ndani ya dari. Anayeutaka aweke kizuizi cha maji chini ya mfereji, tundu la dharura ukutani na njia ya kupandia kusafisha.

Mtindo wowote wa gata utakaochagua, iinamie bomba kwa takriban nusu sentimita kila mita, nayo mabomba mawili ya inchi 4 yatalitosha paa tulilotaja.

Basi gata zichorwe kwenye ramani kabla ya paa kuezekwa. Kabla ya kuuliza rangi, muulize fundi maji yataishia wapi: tangini, mtaroni, au kwa jirani? Akikosa jibu, asianze kazi.