Twisheni ya Kujitolea Katika Mitaa ya Kariakoo

Twisheni ya kujitolea ni masomo ya ziada ambayo mtu mwenye elimu ya kutosha humfundisha mwanafunzi wa sekondari bila malipo, nje ya ratiba ya shule. Katikati ya Dar es Salaam, kuanzia Gerezani na Kariakoo hadi Mchikichini na Upanga, huendeshwa jirani na twisheni ya kulipia, ambayo ni biashara iliyokomaa. Katika hiyo ya kulipia, wanafunzi hujazana kwenye mabenchi, mwalimu hushusha pindi ubaoni, maswali ya mitihani ya taifa (NECTA) ya miaka iliyopita hufanywa moja baada ya jingine, na kila mmoja huondoka na desa lake. Anayeuelewa msingi wa mada hupata kasi kwa njia hiyo. Aliyekwama tangu kidato cha kwanza hurudi nyumbani na daftari lililojaa na fundo lile lile alilokuja nalo. Huyo ndiye anayemhitaji mwalimu wa kujitolea, kwa sababu mwalimu huyo anaweza kukaa na wanafunzi watatu au wanne na kusikiliza wanavyofikiri.

Mara nyingi fundo lenyewe ni lugha. Karibu shule zote za msingi za serikali zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili tangu 1967, na sekondari zimebaki na Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari wa hesabu darasa la saba huingia kidato cha kwanza akakuta hesabu ile ile imevaa maneno asiyoyajua. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016 hadi kidato cha nne, imewaingiza darasani watoto wengi ambao zamani wangebaki mtaani, na hilo ni jambo jema lisilo na shaka. Lakini mwalimu mwenye darasa lililofurika hawezi kujua nani amekwama kwenye hesabu na nani amekwama kwenye sentensi.

Swali la faida huonyesha tofauti hiyo vizuri. Kitenge kimenunuliwa kwa shilingi 8,000 na kuuzwa kwa 10,000; itafutwe asilimia ya faida. Mwanafunzi anayemsaidia mzazi dukani hutaja faida ya 2,000 papo hapo, kisha anaandika asilimia 20. Mwalimu mwenye haraka hufuta jibu na kuandika 25. Mwenye subira huuliza: hiyo 2,000 umeigawanya kwa nini? Jibu la mwanafunzi ndilo linalofichua tatizo. Akisema alidhani faida hupimwa kwa bei ya kuuzia, anahitaji kuelezwa dhana: mtaji uliotoka mfukoni ni 8,000. Akisema hakujua maneno ya swali yanamaanisha bei ipi, hesabu anaijua. Anachohitaji ni msamiati. Maelezo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili mpaka yaeleweke, lakini kipindi hakijakamilika mpaka mwanafunzi amelirudia swali na kuliandika jibu kwa Kiingereza, maana ndivyo litakavyokuja mtihanini.

Utafiti unaunga mkono mafundisho ya namna hii. Mwaka 1984 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake alifanya vizuri kuliko asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kwa njia ya kawaida. Tafiti za baadaye zimepata nafuu ndogo zaidi, ila mwelekeo haukubadilika. Nchini India, utafiti uliochapishwa 2007 kuhusu shule za msingi za Mumbai na Vadodara ulionyesha kwamba wasichana wa mtaani waliomaliza sekondari, wakilipwa ujira mdogo, waliinua alama za watoto walioachwa nyuma.

Hazina ya walimu wa kujitolea ipo karibu. Vyuo vya DIT, CBE, IFM na Muhimbili vyote viko mwendo mfupi kutoka Kariakoo, na wengi wa wanafunzi wao wamemaliza kidato cha sita juzi tu. Wapo pia walimu wastaafu, ambao aghalabu ndio bora kuliko wote kwa kuwa wanayajua makosa ya wanafunzi kabla hayajatokea. Wahitimu wapya wa kidato cha sita huwa na miezi ya kungoja chuo, ingawa wengi huitwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) katika kipindi hicho. Hata hivyo, kujua somo hakutoshi. Katikati ya miaka ya 2000, shule za kata zilipoongezeka kwa kasi, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo mafupi na kupelekwa kufundisha. Wananchi wakawabandika jina la Voda Fasta. Wengi walikuwa na moyo, lakini muda wa kujiandaa haukuwatosha. Anayejitolea leo apitie kwanza muhtasari wa somo na vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania, kisha akae nyuma ya darasa la mwalimu mzoefu mara kadhaa.

Mahali ni tatizo la kudumu katika mitaa yenye spika za machinga na vyumba vya uwani vinavyolaza familia nzima. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa 1967, inafaa kwa kujisomea, lakini kujadiliana kwa sauti kunawakera wasomaji wengine. Hubaki madarasa ya shule baada ya vipindi, madrasa, na kumbi za makanisa. Kuazima jengo ni desturi ya zamani hapa: Oktoba 25, 1961 chuo kikuu cha kwanza nchini kilianzia katika jengo la chama cha TANU, Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani. Kwa kuwa wanafunzi wengi wa shule za katikati ya jiji hurudi Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara, kipindi kimalizike mapema, kabla usafiri haujaanza kugombaniwa. Jumamosi asubuhi hufaa zaidi.

Usalama wa mtoto unatangulia masomo. Kwa Sheria ya Mtoto ya 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hiyo karibu wanafunzi wote wa kidato cha kwanza hadi cha nne wanahusika. Mkuu wa shule na mzazi wawe na taarifa, ufundishaji ufanyike mahali pa wazi wakiwepo watu wengine, na pasiwepo mazungumzo ya siri ya simu kati ya mwalimu na mwanafunzi. Fimbo haina nafasi kabisa.

Ratiba hufuata kalenda ya mitihani. Kidato cha pili na cha nne hufanya mitihani ya taifa kuelekea mwisho wa mwaka, ya kidato cha nne ikiwa Novemba, na kwa hiyo kuanza Septemba ni kuchelewa: muda uliobaki huruhusu kukariri tu. Mwalimu anayeanza Januari kwa saa mbili kila wiki ana muda wa kurudi hadi mada za kidato cha kwanza. Aweke daftari dogo linaloonyesha kila mwanafunzi alipokwama na alipovuka, kwa kuwa wanaojitolea hubadilika mara kwa mara, na mwalimu anayefuata akilipata daftari hilo hatalazimika kuanza upya.