Kufichua siri za kiinimacho: ni khiyana au ni nasaha?

Siku hizi hazipiti siku mbili hujaletewa kwenye simu video ya kiinimacho. Mara kijana amegeuza karatasi ikawa noti, mara mtu amekatwa kwa msumeno katikati na bado anacheka. Nyuma yake hufuata video nyingine, ya mtu wa pili anayeonyesha jinsi ile ya kwanza ilivyofanywa. Hapo ndipo baraza hugawanyika. Wako wanaosema huyu wa pili ana choyo, anamharibia mwenzake riziki. Wako wanaosema afadhali, watu wafumbuke macho.

Mjadala huu si mpya, wala si wetu peke yetu. Mafundi wa kiinimacho wa Ulaya na Marekani wameugombania miaka mingi, na runinga ndiyo iliyoutia kuni. Tuyatazame waliyobishania, kisha tuone kwa nini jambo hili linatuhusu sisi watu wa Pwani kuliko tunavyodhani.

Barakoa ya Valentino

Mwaka 1997 kituo cha Fox cha Marekani kilianza kuonyesha kipindi cha mtu aliyefunika uso kwa barakoa. Mtu huyo alikuwa akifanya mchezo mkubwa wa kiinimacho, kisha anaurudia polepole huku akionyesha vioo, milango ya siri na wasaidizi waliojikunja ndani ya masanduku. Vipindi vya mwanzo vilikuwa vinne, na katika cha mwisho, mwaka 1998, alivua barakoa. Alikuwa Val Valentino, fundi wa Las Vegas.

Wenzake walikasirika mno. Walisema siri za fani hupokewa kwa amana, fundi kwa fundi, na aliyeaminiwa hana haki ya kuzitangaza. Tena sanduku moja la mchezo ni ghali, na mtu huchukua miaka kulizoea. Dakika tano za runinga zinatosha kuligeuza kuwa kuni.

Valentino naye alijitetea. Alisema kufichua michezo hiyo kutawalazimisha mafundi kubuni mipya badala ya kulala juu ya ile ya zamani, na kwamba watoto wakijua inavyofanywa watavutiwa kujifunza.

Anayetaka kwenda mahakamani naye apime kwanza. Horace Goldin, fundi aliyevuma Marekani kwa mchezo wa kumkata mtu kwa msumeno, aliuandikishia hataza mwaka 1923 ili asiibiwe. Lakini hataza ni waraka wa wazi, kila mtu anaweza kuusoma. Mwaka 1933 kampuni ya sigara za Camel ikatoa matangazo ya kufichua mbinu za mchezo huo. Goldin alishtaki, na mwaka 1938 akashindwa. Siri aliyotaka kuilinda alikwisha kuiandika kwa mkono wake mwenyewe.

Kuna waliofuata njia ya tatu. Penn na Teller, Wamarekani wawili wanaofanya kazi pamoja, wana mchezo wa vikombe na vipira ambao huufanya kwa vikombe vya plastiki vinavyoonekana ndani. Mtazamaji anaona kila kitu, na bado macho yake hayaiwahi mikono. Katika kipindi chao cha Fool Us, kilichoanza Uingereza mwaka 2011, mafundi wengine huja kujaribu kuwababaisha. Wawili hao wakiigundua mbinu, humweleza mwenyewe kwa mafumbo ya kifundi, mtazamaji asielewe. Wanatangaza kuwa wamejua, na siri ya mtu inabaki kwake.

Kiinimacho hufanya kazi vipi?

Siri ya mtungi muulize kata. Wenye fani watakwambia kwamba wepesi wa mkono ni sehemu ndogo tu ya kazi. Kazi kubwa ni kuyaongoza macho. Mtu hawezi kuangalia mahali pawili kwa uangalifu uleule. Fundi akiutazama mkono wake wa kulia, nawe utautazama, na wa kushoto utapata nafasi.

La pili ni wakati. Kitendo chenyewe hufanywa kabla ya wewe kujua kuwa mchezo umeanza, au baada ya wewe kudhani umekwisha. La tatu ni msaidizi ambaye hukumdhania kuwa msaidizi. La nne ni kumbukumbu yako mwenyewe: ukienda kusimulia uliyoyaona, utayaongeza bila kukusudia, na muujiza utakuwa mkubwa zaidi ukiwa mdomoni kuliko ulivyokuwa jukwaani.

Mambo hayo manne ukiyashika, hutavitazama vilinge vya mitaani kwa jicho lile la zamani. Yule anayekwambia jina la marehemu mama yako kabla hujafungua mdomo hahitaji jini. Anamhitaji mtu mmoja tu, aketi pale nje kwenye foleni kama mgonjwa mwenzako, akupe pole na kukuuliza umetoka wapi na una shida gani. Na yule anayetoa mwilini mwako wembe au fundo la nywele, kilichotoka huenda kilikuwa kimeshafichwa kiganjani mwake.

Mwongo aliye mkweli

Hapa ndipo maoni ya fundi mmoja yanaponikaa moyoni. James Randi alizaliwa Toronto, Kanada, mwaka 1928, akapata umaarufu kwa kujifungua minyororo na kutoka kwenye masanduku yaliyofungwa. Msimamo wake ulikuwa huu: fundi wa kiinimacho ni mwongo aliye mkweli, kwa sababu anakuahidi kukudanganya na anatimiza ahadi. Anayestahili kufichuliwa ni yule anayetumia mbinu hizohizo kisha akadai ana uwezo wa ghaibu.

Mwaka 1986 Randi alimwendea mhubiri wa runinga wa huko Marekani, Peter Popoff. Huyu alikuwa akiwaita watu kwa majina katikati ya umati, akiwatajia maradhi yao na mitaa wanayokaa, na kusema anafunuliwa na Mungu. Randi na wenzake walikwenda na chombo cha kunasa mawimbi ya redio. Wakamsikia mke wa Popoff, aliyekuwa nje ya ukumbi, akimsomea mumewe maelezo kutoka kadi ambazo waumini wenyewe walikuwa wamezijaza. Popoff alikuwa na kidude sikioni. Randi aliupeleka ushahidi huo katika kipindi cha Johnny Carson, kilichotazamwa na mamilioni ya watu, na mwaka uliofuata Popoff alitangaza kufilisika.

Ningependa kisa kiishie hapo, lakini hakikuishia. Baadaye Popoff alirudi kwenye runinga, safari hii akitangaza maji ya miujiza. Kufichua mara moja hakutoshi. Mwenye shida husahau haraka, kwa sababu anataka sana kuamini.

Tusidhani pia kwamba kila fundi yuko upande wa haki. Mwaka 1856 serikali ya Ufaransa ilimpeleka Algeria fundi wake mashuhuri, Robert-Houdin, ili avunje heshima ya masheikh waliokuwa na nguvu kwa watu. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake mwenyewe, alimwita mtu wa miraba minne akamwambia atamwondolea nguvu zake, kisha akamtaka anyanyue kisanduku kidogo. Hakunyanyuka nacho, kwa kuwa chini palikuwa na sumaku ya umeme. Aliyesema amekwenda kuwatoa watu katika udanganyifu aliwadanganya yeye, ili waiogope Ufaransa. Siri akaifichua baadaye, kitabuni, wakati haikuwa na faida tena kwa Mualjeria.

Tuna nini sisi na habari hizi?

Mwaka 1584 Mwingereza mmoja, Reginald Scot, aliandika kitabu akieleza, miongoni mwa mambo mengine, jinsi wachezaji wa kiinimacho wanavyojichoma kisu bila kuumia na jinsi kichwa kinavyoonekana kimekatwa na kuwekwa sahanini. Hakuandika kwa ajili ya burudani. Wakati ule nchini mwake vikongwe, wengi wao wanawake maskini, walikuwa wakinyongwa kwa tuhuma za uchawi. Scot alitaka mahakimu waelewe kwamba ajabu wasiyoijua chanzo chake si ushahidi wa uchawi.

Karne zaidi ya nne zimepita, na hapa kwetu Kilifi wazee wanauawa kwa tuhuma hizohizo. Mvi imekuwa hatia. Mtoto akiugua, ng'ombe akifa au kijana akikosa kazi, kidole kinaelekezwa kwa babu au bibi wa nyumba ya pili. Kaya Godoma, huko Ganze, kuna wazee waliokimbilia hifadhi baada ya kutishiwa na watu wa damu yao. Viongozi na wazee wenyewe wamesema mara nyingi kwamba nyuma ya tuhuma huwa kuna shamba linalotafutwa kurithiwa.

Lakini shamba peke yake halitoshi kuwakusanya vijana na mapanga usiku. Anahitajika mtu wa kuwathibitishia kwamba mzee yule ni mchawi kweli. Mtu huyo mara nyingi ni mpiga ramli, na ushahidi wake ni kiinimacho: maji yaliyobadilika rangi, kitu kilichofukuliwa mlangoni ambacho pengine alikifukia yeye, jina alilolijua kwa sababu wateja wake wamekwisha kulinong'ona. Mchezo ambao jukwaani humalizika kwa makofi, huku kwetu humalizika kwa maziko.

Sisemi sihiri haipo. Qurani imeitaja, na sisi tunaamini. Ninalosema ni kwamba si kila kinachoitwa sihiri ni sihiri, na kwamba dini yetu imetukataza kumwendea mtabiri, sembuse kuuana kwa kauli yake. Na tukumbuke kisa cha Nabii Musa, amani imshukie. Wachawi wa Firauni waliyaghilibu macho ya watu. Fimbo ya Musa ilipomeza waliyoyazua, wa kwanza kusujudu walikuwa wachawi wenyewe. Wao ndio waliokuwa wakizijua hila zao, basi ndio waliotambua upesi kwamba hii haikuwa hila. Anayeijua fani ndiye shahidi bora.

Kwa hivyo jibu langu kwa baraza ni hili. Kijana anayefanya kiinimacho harusini au shuleni, akasema waziwazi kwamba ni mchezo, mwacheni na siri yake. Ni riziki yake, na kumwanika ni ukosefu wa adabu. Lakini anayetumia mbinu zilezile kukwambia nani kakuroga, au kukuahidi kuzidisha pesa zako kwa kuziosha, huyo hana amana ya kulindiwa. Kumfichua ni nasaha.

Vijana wetu wenye simu na vipaji wanaweza kufanya kazi kubwa hapa. Redio za Pwani zinasikika mpaka Ganze na Magarini. Kipindi kimoja kwa wiki, fundi wa kiinimacho akiketi na sheikh, mchungaji na mzee wa kaya, akaeleza jinsi maji yanavyogeuzwa rangi na jinsi kitu kinavyofichwa kiganjani, kingewapa wanakijiji swali la kumuuliza mpiga ramli kabla hajataja jina la mtu: fanya tena, mchana, mbele ya mtu anayeijua kazi yako.